Unga wa madini ya fedha waiimarisha kauri ya umeme

UMEME unaopotea kwenye nyaya njiani huongeza gharama, na mwishowe huingia kwenye bili ya mwenye mashine ya kusaga. Ipo kauri inayopitisha umeme bila kupoteza chochote, mradi ipozwe sana.

Kauri hiyo, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1987, ina itriamu, bariamu, shaba na oksijeni. Hupozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Tatizo ni kwamba huvunjika kama kigae.

Mfinyanzi huchanganya mchanga na udongo ili chungu kisipasuke motoni. Vivyo hivyo, unga wa madini ya fedha huziba matundu ya kauri na kuzuia nyufa kuenea, bila kuharibu upitishaji wa umeme. Unga wa zinki au wa chuma ni wa bei nafuu, lakini huchukua nafasi ya shaba na kuidhoofisha kauri. Hapo cha rahisi huwa ghali.

Hata hivyo, fedha ikizidi hutenganisha chembe za kauri, na umeme hukosa njia. Kama ilivyo kwa mbolea shambani, faida iko kwenye kipimo.