Kutoka Bukoba hadi Minnesota: Filamu za Kiswahili za Josiah Kibira

Jina la Josiah Kibira likitajwa Bukoba au Muleba, wengi humkumbuka kwanza Askofu Kibira, aliyekuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani tangu 1977 hadi 1984. Makala haya yanamhusu mwenye jina hilohilo katika fani ya filamu: mzaliwa wa Bukoba aliyehamia Marekani, akaishi Minnesota, na huko akaandika na kuongoza Bongoland (2003), Tusamehe (2005) na Bongoland II (2008).

Kwa mwandishi wa miswada aliyeko ugenini, Kiingereza ndicho chenye soko. Kibira alichagua Kiswahili.  Uamuzi huo ulipunguza watazamaji Marekani, lakini uliwapa wahusika sauti yao, kwani Mtanzania wa ughaibuni anapomweleza mwenzake aibu ya kurudi mikono mitupu, hatumii lugha ya mwajiri.

Jina Bongoland nalo lina kejeli. Bongo, kutokana na ubongo, ni jina la mitaani la Dar es Salaam, na siku hizi la Tanzania nzima: mahali ambapo asiyetumia akili hapati riziki. Mhusika mkuu, Juma, ameiacha nchi hiyo akitafuta neema. Kumbe Minnesota nako hakuliki bila ubongo uleule.

Tusamehe ndiyo inayoigusa Kagera zaidi. Inahusu familia ya wahamiaji Watanzania inayokabiliwa na UKIMWI. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilibaki na mabibi na wajukuu. Je, kuiweka hadithi hiyo Marekani ni kukwepa? Mhakiki anaweza kudai hivyo. Sisi tunaona kwamba mwandishi aliuondolea ugonjwa sifa ya kuwa balaa la mahali fulani, sifa iliyowaelemea sana watu wa Kagera, akaubakiza kuwa suala la ndoa, siri na msamaha. Hata ombi lililo katika jina la filamu limetolewa kwa nafsi ya wingi. Hakuna mkosaji mmoja anayenyooshewa kidole.

Filamu ya tatu ilirekodiwa Tanzania. Jina lake dogo lasema hakuna mahali kama nyumbani, maneno ambayo mhamiaji aliyerejea anaweza kuyatamka kwa furaha au kwa kukata tamaa.