Turubai Halipandishi Bei

Swali lenyewe huja kwa sura nyingi. Marehemu baba aliacha Peugeot 504 nyuma ya nyumba. Tuiache hapo mpaka ipande bei? Nina akiba kidogo. Nitafute gari gani la zamani, nilifunike vizuri, nije niliuze watoto wakifika chuo kikuu? Gari la mwaka 1955 limeuzwa kwa mabilioni huko Ulaya. Langu la 1972 ni kiasi gani? Kila anayekagua na kuthamini magari kwa riziki yake ameshaulizwa haya hadi masikio yamechoka, na jibu ni lile lile: gari la zamani halipandi bei kwa kuwa ni la zamani, wala halipandi bei kwa kukaa. Waulizaji hawalipendi jibu hili. Wengi huondoka kwenda kumtafuta mtu atakayewaambia walichotaka kusikia, na mtu huyo hakosekani, hasa kama naye ana gari la kuuza.

Imani inayozaa maswali haya ni kwamba gari la zamani ni sawa na kiwanja. Unanunua, unaweka, unasahau, unavuna. Lakini kiwanja cha Kigamboni au Kitengela kilipanda bei mwenyewe akiwa amelala kwa sababu barabara ilifika, watu wakajenga jirani, na udongo wenyewe haukupungua hata kijiko. Gari halifikiwi na barabara. Lenyewe ndilo linalotakiwa kupita barabarani. Ni chuma, mpira, ngozi na mafuta, na kila kimoja kina umri wake. Kama umri ndio ungekuwa thamani, Ford Model T ingeuzwa kwa bei ya almasi. Iliundwa kuanzia 1908 hadi 1927, nyingi zimeshatimiza karne, na bado huko Marekani ukiwa na fedha za gari dogo lililotumika unaweza kuondoka na Model T inayotembea. Sababu ni mbili. Ziliundwa milioni 15, na watu waliojifunzia kuendesha ndani yake wameshafariki. Bei ya gari la zamani hufuata ndoto za ujana za wale walio na fedha leo. Kizazi kikiondoka, ndoto zake huondoka nacho, na gari hubaki likitafuta mtu wa kulitamani.

Tuyaangalie basi magari tuliyonayo. Volkswagen Beetle ziliundwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Peugeot 504 zilipita milioni 3, na hazikutoka Ufaransa peke yake: ziliunganishwa Mombasa, ziliunganishwa Kaduna, Nigeria. Zilikuwa teksi, gari la daktari wa wilaya, gari la mkuu wa shule, na pikapu ya kubebea mkaa. Tunazipenda kwa sababu zilikuwa kila mahali, na kitu kilichokuwa kila mahali hakiwi adimu kwa sababu wewe umebaki na kimoja. Lile gari la 1955 linalotajwa kila mara ni Mercedes-Benz 300 SLR, maarufu kwa jina la Uhlenhaut Coupé, lililouzwa Stuttgart mwezi Mei 2022 kwa euro milioni 135. Yaliundwa mawili tu, na la pili limebaki kwa kampuni yenyewe. Kulitumia hilo kukadiria Mercedes ya mjomba ni kupoteza muda wa watu. Na wanaolitaja kama ushahidi wa faida ya kuhifadhi huruka jambo moja: mhandisi Rudolf Uhlenhaut, ambaye gari limepewa jina lake, hakulifungia ndani. Alilitumia kama gari lake la kazi, akiliendesha kwenye barabara za kawaida.

Hapa ndipo turubai linapoingia, na hapa sina subira. Wenye magari wanaambiana kwamba gari lisiloendeshwa halichakai, hivyo dawa ni kuliegesha, kulifunika na kulinda kilomita zake zisiongezeke. Fungua gari lililokaa hivyo miaka kumi uone. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, ndiyo tabia yake. Yasipobadilishwa kwa miaka, maji hayo hula silinda za breki kwa ndani, pistoni zinanata, na siku gari likisukumwa magurudumu hayazunguki. Petroli nayo huharibika: sehemu nyepesi hupeperuka, inayobaki hugeuka kama gundi na kuziba jeti za kabureta, na tanki huota kutu pale lilipo tupu. Sili za mpira kwenye injini na gia hubaki laini kwa sababu zinalowanishwa na oili inayozunguka; zikikauka hupasuka, na oili hutafuta njia ya kutokea. Matairi yamechapwa tarehe ubavuni, tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Yakishapita miaka 10 ni ya kutupa hata kama hayajalika kabisa. Betri isiyopata chaji hufa. Panya hupata makao yenye nyaya za kutafuna. Na turubai lenyewe, lile lililonunuliwa kwa nia njema, hufungia unyevu chini yake, hupepea na kuisugua rangi, na kwa miji ya pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, hualika hewa ya chumvi ije ikae. Kutu haianzii pale unapopaona. Huanzia ndani ya milango, chini ya zulia, kwenye mikunjo ya bodi, na inapochomoza juu ya rangi imeshakula chuma kwa miaka.

Wenye bidii hujibu kwamba wao hawakuliacha tu. Kila Jumamosi hulipiga stati na kuliacha liungurume dakika tano. Hii ndiyo tiba ya kienyeji inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inaharakisha ugonjwa. Petroli ikiungua hutoa maji pamoja na moshi. Injini ikishapata moto sawasawa na gari likatembea, maji hayo hutoka kama mvuke. Injini baridi inayoungurumishwa dakika tano huyabakiza, sehemu kwenye bomba la moshi, ambalo huoza kutoka ndani, na sehemu kwenye oili, ambayo hupoteza uwezo wa kulinda chuma. Betri nayo huwa imetoa nguvu nyingi kwenye kuwasha na kurudishiwa kidogo. Breki, gia, ekseli na matairi havijaguswa. Ikiwa huwezi kuliendesha angalau nusu saa, ni afadhali usiliwashe.

Atakayesema haya ni maneno ya mafundi na soko lina maneno yake, twende sokoni. Enzo Ferrari alifariki Agosti 1988, na wawekezaji ambao hawakuwahi kufungua boneti wakaingia wakinunua Ferrari kama hisa. Mwaka 1989 gari aina ya Ferrari 250 GTO lilipita dola milioni 10. Miaka michache baadaye, fedha zilipokauka, gari la aina hiyo hiyo lilipatikana kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Funzo kali zaidi liliwapata waliosubiri Jaguar XJ220. Lilionyeshwa mwaka 1988, na watu wakalipa pauni 50,000 za kushika nafasi, wengi wao wakikusudia kuiuza nafasi yenyewe kabla gari halijafika. Lilipoanza kutoka mwaka 1992 bei ilikuwa imepita pauni 400,000, injini ya silinda 12 waliyoonyeshwa ilikuwa imegeuka ya silinda 6, na soko lilikuwa limeshaanguka. Wateja wakaanza kutafuta mlango wa kutokea, wengine hadi mahakamani. Uzalishaji ulisimama 1994 bila kufikia magari 300, na baadhi yalikaa bila mnunuzi mpaka yakauzwa kwa chini ya nusu. Ikumbukwe kwamba XJ220 ni gari adimu, la kasi ya ajabu, lenye jina kubwa. Halikukosa sifa hata moja ya uwekezaji mzuri ila watu waliotaka kulimiliki.

Hapo msomaji makini atanikatiza. GTO ilirudi, atasema: mwaka 2018 moja iliuzwa dola milioni 48.4, kwa hiyo aliyengoja alishinda. Ataongeza, kama ameisoma habari yake vizuri, kwamba GTO moja ilitolewa kwa shule ya sekondari huko Texas iwe ya kufundishia ufundi, ikauzwa mwaka 1972 kwa dola 6,500, kisha ikakaa miaka mingi juu ya trela, nje, kwenye mvua na theluji ya Ohio, na bado ikaja kuwa utajiri. Ni kweli yote. GTO ziliundwa takriban 36, zilishinda mbio kubwa, na kila moja historia yake inajulikana kwa namba ya chasisi. Kwa gari la namna hiyo gharama ya kufufua chuma kilichooza ni sehemu ndogo ya bei, kwa hiyo hata uzembe husamehewa. Kwa 504 ya uani, kazi ya bodi na rangi peke yake yaweza kupita bei ya gari zima likiwa limekamilika. Mwingine atataja Porsche 911 za injini ya kupozwa kwa hewa, au Nissan Skyline GT-R za Japani, ambazo zilipaa Marekani kwa sababu sheria ya huko huruhusu kuingiza magari yakifikisha miaka 25. Hizo nazo ni kweli. Lakini walionunua mapema walinunua wakati hakuna aliyezitaka, na walizinunua waziendeshe. Leo bei imeshajumuisha sifa zote hizo. Anayenunua sasa kwa faida analipia ushindi wa mwenzake. Tena soko la kwetu ni dogo: Kenya kwa kawaida haipokei gari lililotumika lililozidi miaka 8, Tanzania hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada, na wanunuzi wa kweli wa gari la zamani katika mji mmoja karibu wote wanajuana.

Tupige hesabu ya mfano, kwa shilingi za Kenya. Umenunua gari 1,500,000, na baada ya miaka 10 ukauza 3,000,000. Wengi husimulia hadithi mpaka hapo na kushangiliwa. Toa bima, banda, servisi, betri na matairi, tuseme 120,000 kwa mwaka, na huo ni ukadiriaji wa huruma: 1,200,000. Toa asilimia 5 ya dalali: 150,000. Umebaki na faida ya 150,000 kwa miaka 10, kabla ya petroli, kabla ya kitu chochote kuharibika, na kabla ya mfumuko wa bei kudai haki yake. Hati fungani ya serikali hulipa riba kila miezi 6 na haihitaji radieta. Orodha za bei zinazochapishwa na mashirika ya Ulaya hazioni gharama hizi, na hupima zaidi magari bora ya minada mikubwa, si lile lililokwama njia panda kwa kukosa gasketi. Mamlaka ya kodi ya Uingereza imeelewa vizuri kuliko wawekezaji: haitozi kodi ya ongezeko la mtaji kwenye gari la abiria, kwa kuwa sheria inalihesabu kuwa kitu kinachokwisha. Mawakala hulitangaza hilo kama neema kwa mwekezaji, wakiwa hawaisomi sababu yake.

Kuna hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu. Fedha za wawekezaji, wasema wengine, ndizo zilizookoa magari mengi: bei zilipopanda ilianza kulipa kufufua kilichokuwa kinakwenda kwa wauza vyuma chakavu, na Mercedes-Benz na Porsche wakaona faida ya kutengeneza upya spea za zamani. Sehemu ya hilo ni kweli, na mpenzi wa Mercedes W123 anayepata spea mpya leo anafaidika. Lakini fedha hizo hizo zilileta namba za injini zilizopigwa upya, chasisi moja inayozaa magari mawili, na magari yaliyong'arishwa kwa picha huku sakafu imejazwa putti. Anayeendesha gari hugundua udanganyifu katika wiki ya kwanza. Anayelifunika huugundua siku ya kuuza. Na kinachofanya gari lilipiwe zaidi huletwa na wapenzi. Volvo PV544 aliyoshinda nayo dereva Joginder Singh Safari Rally ya 1965 ilikuwa gari lililokwisha kutumika, masalia ya timu ya mwaka uliotangulia. Kuendeshwa ndiko kulikoipa jina. Mnunuzi hulipia historia iliyoandikwa, risiti za miaka, na injini inayoshika moto mara ya kwanza, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoota chini ya turubai. Mpenzi naye hapati hasara ile ile, kwa sababu ile 120,000 ya kila mwaka ameshailipia furaha ya Jumapili, kama mwingine anavyolipia mpira au uvuvi. Mwekezaji hulipa sawa na yeye na hapati hata safari moja ya Naivasha.

Kwa waliobaki na gari uani, haraka haraka. Kama hulipendi, liuze sasa jinsi lilivyo, kwa mtu wa klabu ya magari ya zamani badala ya dalali wa mtaani, wala usilipige rangi kwanza. Rangi mpya humtia mnunuzi mashaka. Kama bado liko kwa jina la marehemu, anza na hati ya usimamizi wa mirathi, la sivyo unauza maneno. Kama unalipenda, anza na breki, kisha mafuta, matairi, nyaya. Bodi iwe ya mwisho. Kama unanunua, nunua lililokamilika kuliko yote unayoyamudu, kwani la bei rahisi ndilo ghali. Linganisha namba za chasisi na injini na kadi ya gari. Ulizia spea kabla ya bei. Itake bima ya thamani mliyokubaliana kwa maandishi. Liendeshe kila wiki mbili hadi oili ipate moto. Tunza kila risiti. Na lililosimama miaka mingi lisipigwe stati kabla fundi hajamwaga petroli ya zamani, akafungua plagi, akatia oili kidogo kwenye silinda na kuizungusha injini kwa mkono.