Nahodha wa Kiunga na pingili "iliyotoka"

Msomaji, ikiwa hujawahi kusafiri kwa mashua ya mashine kutoka Kiunga hadi Lamu wakati wa kusi, mwulize mtu mwenye maumivu ya kiuno. Kila wimbi hukuinua na kukubwaga juu ya ubao, na safari ni ya saa kadhaa. Mgonjwa wangu mmoja, nahodha wa makamo katika kijiji hicho cha Wabajuni karibu na mpaka wa Somalia, aliipita njia hiyo akiwa amelala kifudifudi juu ya nyavu. Kutoka Lamu alivuka hadi Mokowe, akapanda basi la Mombasa kupitia Witu, Garsen na Malindi. Alikuwa anakwenda kurudishwa pingili ya mgongo ambayo, kwa maneno yake, "imetoka mahali pake".

Maumivu yalimwanza siku ya kuvuta jarife. Aliinama, akavuta, na papo hapo akahisi kama amechomwa kisu kiunoni. Nyumbani alikandwa kwa mafuta ya simsim, kisha akapigwa chuku. Nami nilipofika kijijini kwa kliniki ya siku moja nilimdunga sindano, nikampa vidonge vya siku kumi na kumwambia apumzike. Neno hilo nililitamka kwa haraka, watu wengi wakingoja mlangoni. Yeye akalichukua kama alivyolisikia, akalala wiki sita kwenye kitanda cha kamba kilicholegea. Alipoinuka hakuweza hata kusimama wima kwa sala.

Hapo ndipo mpwa wake aliyeko Mombasa alipompasha habari za mtaalamu wa kairopraktiki. Nahodha akauza mashine ya mashua yake ili apate nauli na gharama za matibabu.

Alinieleza baadaye yaliyompata huko. Kwanza aliulizwa maswali mengi kuliko aliyowahi kuulizwa na daktari yeyote, mimi nikiwemo. Aligongwa magoti kwa nyundo ndogo, akainuliwa mguu mmoja baada ya mwingine, akapelekwa kupigwa picha ya eksirei. Siku ya pili alilazwa ubavu kwenye kitanda maalumu, akakunjwa goti, kisha akasukumwa mara moja kwa kishindo. "Wallahi, daktari, nilisikia mlio kama ubao unaovunjika. Nikadhani nimekwisha. Nikashuka kitandani, nikatembea." Alitoka nje akiwa wima na machozi yanamtoka.

Aliambiwa arudi mara mbili kila wiki. Baada ya mara ya sita fedha zilimwishia, akashika njia ya kwao. Mashua ilipofika Kiwayu maumivu yalikuwa yamerejea, ingawa si kama mwanzo. Nilipomwona tena swali lake lilikuwa moja tu: "Pingili imetoka tena?"

Jibu ni kwamba haikutoka, na hata mwanzo haikuwa imetoka. Fikra hiyo ina historia yake. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mtu aitwaye Daniel David Palmer alimbonyeza mgongo Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi aliyekuwa kiziwi kwa miaka mingi, na ikasemekana kwamba akaanza kusikia. Palmer akadai kuwa asilimia 95 ya maradhi yote hutokana na pingili zilizohama. Dai hilo halikuthibitishwa na sayansi, na sioni sababu ya mtu kupeleka pumu au kisukari chake kwa mbonyezaji mgongo. Hata hivyo fani yenyewe imekua. Afrika Kusini inafundishwa katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mafunzo kamili yachukue si chini ya saa 4,200. Kwa hiyo ukienda kwa mtu wa namna hii usione haya kumwuliza alisomea wapi na kwa muda gani.

Na ule mlio? Ni sauti ya povu la hewa katika ute wa kiungo, kama ile ya kuvunja vidole. Mfupa haukurudi popote. Pingili za kiuno zimefungwa kwa kano na misuli imara kiasi kwamba hazichopoki kwa kuvuta jarife. Kinachouma mara nyingi ni misuli, kano na viungo vidogo vilivyokasirika, na msukumo ule hulegeza misuli iliyokakamaa na kutuliza maumivu kwa muda. Huo "muda" ndio niliomsisitizia nahodha. Apate afueni, halafu afanye nini nayo?

Watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unakubali mazoezi, maelezo sahihi kwa mgonjwa, ukandaji, na pia kubonyezwa uti wa mgongo kwa baadhi ya wagonjwa. Haukubali mikanda ya kiuno inayouzwa kila duka la dawa, wala dawa kali za jamii ya afyuni. (Nilisoma jambo la ukandaji mara mbili, nikimkumbuka yule mkandaji wa Kiunga ambaye nilikuwa nikimcheka.) Na mwaka 2024 watafiti wa Australia walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Waliofundishwa kutembea kwa mpango walikaa takriban siku 208 kabla ya maumivu kurejea, wasiofundishwa, 112. Kutembea hakuhitaji mtu auze mashine yake.

Nilimpa nahodha hilo, pamoja na mazoezi mawili ya kulala chali: kuvuta magoti kifuani na kuinua makalio. Nikamfundisha pia kuvuta wavu kwa miguu, magoti yakiwa yamekunjwa na wavu ukiwa karibu na mwili.

Lakini si kila mgongo ni wa nahodha. Mama mmoja wa pwani hiyo hiyo alinijia mara tatu. Mara mbili niliona madumu ya maji anayoyabeba, nikaandika vidonge, naye akaenda kukandwa. Mara ya tatu, mbele ya muuguzi, nilimwomba aufunue mgongo. Palikuwa na kinundu katikati. Nilipouliza ndipo aliponiambia kwamba amekonda na hupata homa kila jioni. Kilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na pingili mbili zilikuwa zimeliwa. Alitumia dawa mwaka mzima, ambazo katika hospitali za umma za Kenya hutolewa bure, na leo anatembea, japo ameinama kidogo. Lau mtu angemsukuma kwa kile kishindo cha Mombasa, huenda angepooza miguu. Kosa lilikuwa langu, si la mkandaji; mimi ndiye niliyesomea kuuliza.

Basi kabla hujamkabidhi mtu yeyote mgongo wako, awe na shahada au awe na chupa ya simsim, mweleze ikiwa unakonda, una homa, umewahi kuugua saratani au kifua kikuu, maumivu hukuamsha usiku, au umeanguka karibuni. Wazee ambao mifupa yao imekuwa dhaifu wasibonyezwe kwa nguvu. Shingo nayo iogopwe zaidi, kwani ijapokuwa ni nadra, mshipa wa damu unaweza kuchanika na kuleta kiharusi. Na ukihisi miguu inakosa nguvu, ganzi imeingia sehemu za siri, au mkojo unakutoka au kukuzuia, usingoje mashua ya kesho. Hiyo ni dharura ya hospitali, siku hiyo hiyo.

Nahodha nilimwona tena msimu wa kaskazi. Kila alfajiri baada ya sala hutembea ufukweni, na vijana walizoea kumtania kwamba anatafuta pingili yake. Maumivu humjia siku mojamoja, naye siku hizo hatembei haraka, lakini hutembea. Jioni za Ijumaa bado huenda kwa mkandaji, nami sijamkataza. Mashine bado hajapata nyingine. Anavua katika mashua ya mwenzake na kugawana naye anachopata.