Gari la kwenda kazini linapoingia uwanja wa mbio: nini kiguswe, nini kiachwe

KATIKA milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, ipo barabara ya mzunguko yenye urefu wa kilometa 20.8 na kona zaidi ya 70. Ilifunguliwa mwaka 1927, na Formula One ilikimbia humo kwa mara ya mwisho mwaka 1976, katika mashindano ambayo Niki Lauda alinusurika kufa kwa moto. Barabara hiyo ni Nordschleife, sehemu ya kaskazini ya uwanja wa Nürburgring.

Siku ambazo hakuna mashindano wala majaribio ya viwanda, mtu mwenye leseni na gari lililosajiliwa hulipa kiingilio na kuingia. Huwa ni njia ya upande mmoja, sheria za barabarani za Ujerumani hutumika, na anayetaka kupita mwenzake hupitia kushoto. Anayegonga kingo za chuma hulipia ukarabati wake.

Uingereza nako viwanja kama Brands Hatch, Snetterton na Donington hukodishwa kwa siku za namna hiyo. Wanaokuja si wanamichezo wa kulipwa. Ni watu wa ofisini waliofika kwa Mazda MX-5, Golf au Subaru Impreza zao, na wanaotarajia kurudi nyumbani jioni kwa gari lilelile.

Hapo ndipo swali linapozuka: gari linalobeba familia katikati ya wiki litayarishwe vipi ili lishike kona kwa mwendo wa kasi siku moja au mbili kwa mwaka, bila kuharibika kwa kazi yake ya kila siku?

Wengi hujibu haraka kwamba lishushwe na kukazwa. Jibu hilo si sahihi, au tuseme ni sahihi kwa sehemu ndogo tu, na ndilo linalowapotezea watu fedha.

Ili kuelewa sababu, yafaa kuanza na hesabu. Chukua gari lenye kilo 1,000, ambalo kitovu cha uzito wake kipo sentimeta 50 juu ya ardhi na magurudumu yake ya kulia na kushoto yameachana kwa sentimeta 140. Likiingia kona kwa nguvu ya pembeni iliyo sawa na uzito wake, karibu kilo 357 huhama kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje. Magurudumu mawili ya nje hubeba takriban kilo 857, na ya ndani hubakiwa na 143.

Jambo la kuzingatia ni kwamba springi hazimo katika hesabu hiyo. Ziwe laini au ngumu kama jiwe, uzito unaohama ni uleule, isipokuwa kitovu cha uzito kishushwe au magurudumu yatanuliwe. Kinachoamuliwa na springi na stabilaiza ni namna uzito huo unavyogawanywa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, pamoja na kiasi cha bodi kulala.

Mgawanyo huo ndio tabia ya gari. Tairi likiongezewa mzigo huongeza mshiko, lakini si kwa kiwango kilekile cha mzigo ulioongezeka. Kwa hiyo ekseli inayobebeshwa sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohama ndiyo hupoteza mshiko mapema. Ukikaza stabilaiza ya mbele, pua hugoma kugeuka na gari huelekea nje ya kona. Ukikaza ya nyuma, mkia huwa mwepesi kutoka.

Magari mengi ya mitaani hutengenezwa yagome kwa pua, kwa sababu dereva aliyeshtuka huachia mafuta na gari hurudi mstarini lenyewe. Anayeongeza ugumu wa nyuma anajiondolea kinga hiyo, na inamhusu pia siku ya mvua akiwa anarudi nyumbani.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, haigharimu sana: gari lirudishwe katika hali yake ya kiwandani. Shokapu zilizokwisha, bushi zilizopasuka na boli jointi zenye mchezo hazirekebishwi kwa springi mpya za bei kubwa. Gari lenye miaka 15 likifungiwa bushi na shokapu mpya za kawaida hubadilika kiasi kwamba mwenyewe hushangaa.

Pamoja na hayo huja breki, ingawa si sehemu ya springi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Kiwango cha DOT 4 hutaka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Dereva anayeshuka kona baada ya kona huku mafuta yake yana miaka minne huweza kukanyaga pedali ikazama hadi sakafuni. Hakuna springi itakayomsaidia hapo.

Baada ya hapo ni upepo wa matairi, kifaa cha marekebisho kilicho rahisi kuliko vyote na kinachodharauliwa zaidi. Tairi likichapwa mizunguko michache hupata joto na upepo wake hupanda, mara nyingi kwa psi nne hadi sita au zaidi. Aliyeanza na 33 hujikuta na karibu 40, tairi likiwa limevimba katikati na kuteleza. Wazoefu hupima mara tu wanapotoka, tairi likiwa bado la moto, na kupunguza hadi kiwango walichokusudia.

Ndipo huja mlalo wa magurudumu. Bodi inapolala kwenye kona, gurudumu la nje hulazwa nalo na kusimamia ukingo wake wa nje. Dawa yake ni kulifunga likiwa limelala kidogo kwa ndani upande wa juu, ili katikati ya kona lisimame wima. Magari mengi ya mitaani hufungwa kati ya sifuri na digrii moja. Uwanjani, digrii mbili hadi tatu kwa magurudumu ya mbele ni jambo la kawaida.

Kwenye Impreza, bolti ya juu inayofunga shokapu ya mbele kwenye kitovu cha gurudumu imetengenezwa kiwandani ili ikizungushwa mlalo ubadilike, japo kwa kiasi kidogo. Magari mengine huhitaji bolti maalumu au vishikio vya juu vya shokapu vinavyosogezwa.

Wengi huogopa kwamba mlalo huo utakula matairi upande wa ndani. Utakula kiasi, lakini mlaji mkubwa zaidi ni magurudumu yasiyotazama mbele sawasawa. Tairi lililogeuzwa nje hata kwa milimeta chache huburuzwa kila kilometa ya safari. Mwenye gari la matumizi mawili hufanya vyema akiongeza mlalo na kuacha magurudumu yake yakitazama mbele moja kwa moja, au karibu na hapo.

Sasa springi. Mtindo unaojulikana hata katika gereji za Dar es Salaam na Nairobi ni ule wa kukata koili moja au mbili ili gari likae chini. Kwa uwanja wa mbio, na kwa barabara yenye matuta, ni kosa. Springi iliyokatwa huwa ngumu kidogo tu, lakini nafasi ya gurudumu kupanda huwa imepungua sana. Gurudumu likipanda hukutana na mpira wa kizuizi mapema, na katika nukta hiyo ugumu huruka ghafla. Kwenye bonde la Fuchsröhre pale Nordschleife, ambako gari hukandamizwa chini kwa kasi kubwa, hilo hutokea wakati mbaya kabisa.

Lipo tatizo jingine lisiloonekana kwa macho. Katika mfumo wa MacPherson, unaotumika mbele kwenye Impreza, Corolla na magari mengine mengi madogo, shokapu yenyewe ndiyo hushika gurudumu kwa juu, na mkono mmoja hulishika kwa chini. Gari likishushwa, mikono hiyo huinuka kuelekea bodi, na nukta ambayo bodi huizunguka inapolala huporomoka kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka. Wenzo kati ya nukta hizo mbili hurefuka. Matokeo yake, gari lililoshushwa bila kuongezwa ugumu wa kutosha huweza kulala zaidi kuliko lilipokuwa juu. MX-5 na Toyota Altezza, zenye mikono miwili kwa kila gurudumu, huvumilia jambo hilo vizuri zaidi, ingawa si bila kikomo.

Kushusha kwa sentimeta mbili hadi tatu kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na shokapu zinazoendana nazo, kwa kawaida humtosha mwenye gari la matumizi mawili. Nchini Ujerumani springi hizo lazima ziwe na hati ya kuidhinishwa au zikaguliwe na kuandikwa kwenye nyaraka za gari. La sivyo kibali cha gari kutembea barabarani huweza kupotea.

Shokapu zenye marekebisho huleta kishawishi cha aina yake. Mtu huzungusha kitasa hadi mwisho wa ugumu, gari likatikisika, naye akaona kasi imeongezeka. Ukweli ni kwamba shokapu haiamui bodi italala kiasi gani katika kona ndefu. Huamua italala upesi kiasi gani. Ikikazwa kupita kiasi, gurudumu halifuati mashimo ya barabara bali huruka juu yake, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Nordschleife ina mawimbi mengi na kona ya Karussell imejengwa kwa zege, kwa hiyo magari laini kiasi huko mara nyingi huwashinda wenzao waliokazwa.

Utaratibu unaofaa ni kuanza na kiwango cha kati kilichopendekezwa na kiwanda, kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwenye ekseli moja, na kuandika kila hatua daftarini. Anayegusa upepo, shokapu na stabilaiza kwa pamoja hawezi kujua kilichomsaidia wala kilichomwangusha.

Wasomaji waliokulia kwenye Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, huenda wakaona mambo haya ni kinyume. Pale magari huinuliwa na kupewa nafasi kubwa ya gurudumu kupanda na kushuka. Kanuni hata hivyo ni ileile ya kulibakiza tairi ardhini. Kilichobadilika ni ardhi.

Suala la bima halina budi kuulizwa kabla ya safari, maana mikataba mingi ya kawaida huondoa ajali za viwanjani, na baadhi huitaja Nürburgring kwa jina.

Siku inapokwisha, gari huachwa lipoe, nati za magurudumu hukazwa upya kwa kipimo, na shokapu hurudishwa kwenye laini. Upepo uliopunguzwa mchana hujazwa tena kabla ya kuingia barabara kuu. Tairi lililoachwa na psi 26 likiwa limepoa, likabebeshwa abiria wanne na mizigo kwa kilometa 120 kwa saa, hupata joto kwenye kuta zake na huweza kupasuka.