Nani Ana Haki ya Kukata Rufani?

Katika Kenya ni desturi ya watu wengi, hakimu amalizapo kusema, kutoka mahakamani wakiapa ya kwamba watakata rufani. Kusema ni rahisi. Lakini sheria haikumpa kila mtu haki hiyo, wala haikuitoa juu ya kila amri.

Hukumu ndiyo imalizayo shauri. Amri nyingi hutolewa kesi ingali ikiendelea. Katika mambo ya madai, sheria imezitaja amri ambazo mdai au mdaiwa aweza kuzikatia rufani pasipo kuomba ruhusa. Tuseme mtu ameitwa mahakamani kwa ajili ya deni, naye asijibu wala asifike, hata mdai akapewa hukumu. Baadaye mdaiwa aomba hukumu ile itanguliwe ili naye asikilizwe. Hakimu akikataa, mtu huyo ana haki ya kwenda Mahakama Kuu. Ndivyo ilivyo pia kwa amri ya kumzuia mtu asiuze au asiharibu mali inayogombaniwa. Amri isiyotajwa huhitaji ruhusa ya mahakama, nayo huombwa katika siku 14. Rufani yenyewe kutoka kwa hakimu hupelekwa Mahakama Kuu katika siku 30. Aliyechelewa hana budi kuonyesha sababu ya kutosha.

Waliopatana kwa hiari, na mapatano yao yakafanywa hukumu, hawana rufani juu yake.

Katika mambo ya jinai, mtu aliyehukumiwa na hakimu hupewa siku 14. Lakini aliyekiri kosa hawezi kulalamika ila juu ya adhabu, kwamba imezidi au si halali. Hapa wengi hunaswa, maana hukiri upesi wakitumaini kurudi nyumbani jioni. Mshtakiwa akiachiliwa, ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma awezaye kukata rufani.

Jambo moja husahauliwa mno: rufani peke yake haisimamishi amri. Karatasi za rufani zaweza kuwa zimepokewa mahakamani, na dalali akaja vile vile kuchukua ng'ombe. Mwenye rufani ya madai hupaswa kuomba amri isimamishwe, aombe bila kukawia, aonyeshe hasara kubwa itakayompata, na kuweka dhamana kama mahakama itakavyoagiza.