PILIPILI: MOTO USIOUNGUZA

Katika nchi jirani ya Rwanda mafuta ya pilipili yaitwayo akabanga hutiwa chakulani kwa matone, wala hayamiminwi. Nchini Uganda wakulima hupanda pilipili kichaa na kuiuza hata ng'ambo. Kiungo hicho, kinachojulikana sana mezani, kimewapa wataalamu wa tiba ufunguo wa kuyaelewa maumivu ya binadamu.

Kinachowasha ndani ya pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitambua mlango mdogo ulioko katika mishipa ya fahamu. Mlango huo hufunguka joto linapozidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi, ili mwili uonywe kabla haujaungua. Kapsaisini huufungua mlango huohuo pasipo joto lolote. Ubongo nao hupokea taarifa ya moto usiokuwapo. Kwa uvumbuzi huo Julius alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021.

Imedhihirika pia kwamba mshipa uliosisimuliwa mno hatimaye hunyamaza. Ndiyo maana mwaka 2009 Marekani iliidhinisha plasta yenye asilimia 8 ya kapsaisini kwa wagonjwa wanaobaki na maumivu makali baada ya kuugua mkanda wa jeshi. Plasta hiyo hubandikwa na mganga kwa muda wa saa moja, na nafuu yake huweza kudumu miezi mitatu. Hiyo si ruhusa ya kujipaka pilipili nyumbani.

Jambo hili lawahusu walinzi wa amani moja kwa moja, kwani pilipili ya kupulizia inayobebwa na polisi wa nchi nyingi ina kapsaisini hiyohiyo. Aliyepuliziwa hufumba macho na kukosa pumzi. Mwenye pumu aweza kuhatarika. Maji matupu hayaiyeyushi kemikali hiyo. Mtu huyo apelekwe penye hewa safi, anawishwe kwa maji mengi na sabuni, asilazwe kifudifudi, wala asiachwe peke yake.

Wahenga walisema: pilipili usiyoila yakuwashiani? Aliyepuliziwa hakuila, na bado yamuwasha. Askari aliyeishika chupa hiyo ndiye mwenye dhamana ya kipimo chake na ya uhai wa aliyemkamata.