Dibaga Huona Inachoruhusiwa Kuona

Anayepakua dibaga kama GDB au LLDB husoma kwamba inafanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS, akaamini amepata chombo kimoja cha kutumia popote. Imani hiyo inagharimu muda mwingi, na chanzo chake ni kutojua dibaga inapata wapi nguvu zake. Dibaga husimamisha programu nyingine katikati ya kazi ili tuone mstari unaotekelezwa na thamani zilizomo. Lakini mfumo endeshi umejengwa makusudi ili kila mchakato ukae chumbani mwake, usichungulie kumbukumbu ya jirani. Dibaga haiwezi kuvunja ukuta huo. Hufunguliwa mlango na keneli, kiini cha mfumo huo, na kila keneli ina mlango wa namna yake. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha dibaga na dibaga, inafaa kujua mfumo unaoendesha programu yako unairuhusu dibaga kufanya nini.

Kwenye Linux mlango huo ni ptrace, urithi wa Unix ya miaka ya 1970. Windows ina utaratibu tofauti: dibaga hukaa ikingoja matukio, na keneli huitaarifu kila uzi mpya unapoanza na kila maktaba inapopakiwa. macOS, iliyojengwa juu ya keneli ya Mach, hutoa idhini juu ya mchakato mzima. Tofauti hizi hujitokeza moja kwa moja kwenye amri. GDB kwenye Linux inaweza kuagizwa ifuate mchakato mzazi au mtoto pale programu inapojigawa. Kwenye Windows amri hiyo haina cha kufuata, kwani programu za huko hazijigawi kwa njia hiyo. Hata uwezo ulio ndani ya chipu hupitia kwa keneli. Tangu 80386 ya mwaka 1985, prosesa za Intel zina rejista nne za kulinda anwani za kumbukumbu, ili programu isimame papo hapo thamani fulani inapobadilishwa. Hata hivyo LLDB ilikaa miaka kadhaa bila lindo hilo kwenye Windows, ilhali chipu ni ileile, kwa sababu kazi ya kuunganisha dibaga na keneli ya Windows ilikuwa haijafanywa.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba dibaga huibadilisha programu inayoichunguza, na kila mfumo huibadilisha kwa namna yake. Linux kwa kawaida hupanga upya anwani za kumbukumbu kila programu inapoanza, ili kumsumbua mdukuzi. GDB huuzima mpangilio huo bila kuulizwa, ili anwani zibaki zilezile kila safari. Ni msaada mkubwa, hadi siku kasoro yako inapotokana na anwani zenyewe: nje ya dibaga programu inaanguka, ndani yake inakimbia salama. Kwenye Windows badiliko liko kwingine. Programu iliyoanzishwa chini ya dibaga inaweza kupewa hodhi ya kumbukumbu ya uchunguzi, ambamo nafasi mpya hujazwa alama maalumu badala ya mabaki yaliyokuwapo. Msimbo unaosoma nafasi kabla ya kuiandikia utaona alama hizo kwako, na takataka tofauti kabisa kwa mteja. Kasoro moja, mifumo miwili, mienendo miwili isiyofanana, na hakuna ujuzi wa amri za dibaga utakaokuokoa kama hujui kilichobadilishwa. Dawa zipo: GDB hukubali kuambiwa iuache mpangilio wa anwani kama ulivyo, na kwenye Windows unaweza kuiunganisha dibaga na programu ambayo tayari imeshaanza.

Wapo watakaosema tatizo hili limekwisha, kwani siku hizi mtu huendesha Linux ndani ya kompyuta pepe, juu ya mfumo wowote. Hoja ina nguvu, lakini ina mpaka. Chukua rr, dibaga iliyoanzia Mozilla, inayorekodi mwendo wa programu kisha ikakuwezesha kurudi nyuma hatua kwa hatua. Ni ya Linux, na hutegemea vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa. Kompyuta pepe isiyovipitisha vihesabio hivyo huifanya rr isifanye kazi. Windows ilipata uwezo wa jinsi hiyo kupitia dibaga ya WinDbg mwaka 2017, kwa mbinu nyingine na kwa Windows peke yake.

Wengine hulalamikia vizuizi vya usalama. Ubuntu, tangu toleo la 10.10 la mwaka 2010, hairuhusu mtumiaji wa kawaida kuunganisha dibaga na mchakato wowote wake isipokuwa ule uliozaliwa na dibaga yenyewe. macOS, tangu El Capitan ya 2015, huzilinda programu za mfumo zisichunguzwe. Mimi naona vizuizi hivi ni vya haki: mlango unaokuonyesha kibadilika chako ndio huohuo unaomwonyesha mwizi nenosiri lililo kwenye kivinjari.

Pingamizi zito zaidi ni la waandishi wa Java na Python. Dibaga zao huzungumza na mashine pepe ya lugha badala ya keneli, na kwa kweli hufanana popote. Nakubali, mradi kasoro ibaki ndani ya lugha hiyo. Ikishukia kwenye maktaba ya C iliyo chini, mnarudi kwenye mlango wa keneli. Hapo njia ninayoiamini ni kuweka wakala mdogo, kama gdbserver, kwenye mashine ambako programu inaishi, na kukaa na dibaga kwenye mfumo wowote unaoujua. Skrini itakuwa ya Windows, lakini vituo vya kusimamisha programu, malindo na ruhusa zitakuwa zile ambazo Linux ya upande wa pili imempa wakala.